Vitambaa Ambavyo Yaya Yangu Hakushona

Wakati dada yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita yaya, alipopata mchumba, mimi nilikuwa na kazi tano za mkono ambazo hazijaisha. Kulikuwa na kitambaa cha altare nilichoagizwa na akina mama wa parokia, chenye mizabibu kwenye pembe nne na mwanakondoo katikati. Kila nilipomfumua yule mwanakondoo na kumdarizi upya, alizidi kufanana na mbuzi. Kulikuwa na blanketi la kufuma la mtoto wa mwalimu jirani. Nililianza mtoto akiwa tumboni. Sasa alikuwa akija mwenyewe kwa miguu yake, anasimama mlangoni, ananitazama kama mkaguzi, kisha anaondoka bila kusema neno. Kulikuwa na mshipi wa kuvaa begani siku ya kuhitimu, wa mwanafunzi ambaye alikwisha kuhitimu bila mshipi. Zile mbili nyingine sizitaji. Wenyewe wako hai na wanajua kusoma.

Mimi ni mwanamume. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Kalemie huliuliza mapema. Mwanamume mwenye cherehani hamshtui mtu. Sokoni wamejaa, wanakanyaga mashine na kupiga soga. Lakini kijana wa miaka ishirini na minne anayekaa dirishani na sindano, amekaza kitambaa kwenye duara la mbao, anadarizi maua ya waridi ya kutandika kwenye mgongo wa kiti, huyo anahitaji maelezo. Mama yangu alikuwa na maelezo mawili. Wageni wa kawaida aliwaambia kwamba nangoja kazi. Wakija wageni wa heshima, aliniomba niingie ndani.

Sikufundishwa na mtu. Nilianza kwa kuufumua mto wa nyanya yangu, nikitaka kuona ulivyotengenezwa. Niliona. Mto haukurudi kuwa mto. Baadaye nikajifunza kwa video za simu: mikono ya wanawake wa nchi nisizozijua, wakieleza kwa lugha nisizozielewa. Megabaiti zilikuwa zikiisha katikati ya somo, kwa hiyo ipo mishono ambayo hadi leo najua mwanzo wake tu.

Ugonjwa wangu si kushona, ni kufumua. Nadarizi ua, nalipima kwa rula ya shule, naona petali moja imezidi nyingine kwa upana wa uzi, na kuanzia hapo siwezi kula. Nitakaa mbele ya sahani ya bukari na samaki nikifikiria petali. Mgeni akija kukaa kwenye kiti chenye kitambaa changu, simwangalii uso. Naangalia suruali yake ina vumbi kiasi gani. Juu ya hayo, mama yangu anakausha ndakala na kuwauza. Ua wetu wote umetandikwa samaki wadogo kama vile umesakafiwa kwa fedha, na harufu yao haijui mlango. Kila kazi ninayoitoa nyumbani naifunga kwenye mifuko miwili, kipande cha sabuni katikati, na bado wateja huniuliza kwa adabu kama nakaa karibu na ziwa. Kalemie kila mtu anakaa karibu na ziwa. Lakini naelewa wanachouliza.

Yaya ni mtu wa namna nyingine kabisa. Anafanya kazi bandarini, katika ofisi inayopokea mizigo ya boti, na kazi hiyo imempa sauti kubwa na maamuzi mafupi. Kifungo cha blauzi yake kikitoka, anaweka pini. Pini ikipotea, anavaa blauzi nyingine.

Mchumba wake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha simenti kule Kabimba, kijana mpole mwenye nyusi nyeupe kwa vumbi la simenti, zisizosafishika. Siku familia yake ilipokuja kwetu kubisha mlango, yaani kusema kwa mara ya kwanza kilichowaleta, alikuja na mama yake. Huyu alitoka Kirungu, kule juu milimani kwenye baridi, akashuka mpaka Moba akapanda boti. Tulimwita Mama wa Kirungu, na hilo ndilo jina lake kwetu mpaka leo. Alifika amevaa sweta juu ya kitenge, na hakulivua siku nzima, ingawa sisi tulikuwa tukijipepea kwa chochote kilichokuwa karibu.

Siku hiyo mama alikuwa na upungufu wa mikono, basi badala ya kunificha ndani alinipa trei ya soda. Nilikuwa nimefika katikati ya sebule nilipomwona Mama wa Kirungu akifanya jambo ambalo hakuna mgeni aliyewahi kulifanya. Hakuegemea kiti. Aligeuka, akakitoa kitambaa changu kwenye mgongo wa kiti, akakiangalia mbele. Akakigeuza, akakiangalia nyuma kwa muda mrefu zaidi. Akasema, "Mm." Kisha akauliza, bila kumtazama mtu:

"Hii njo mikono ya nani?"

Mama yangu alinitazama mimi na trei yangu. Akawatazama wajomba zangu waliokuwa wamepanga mstari ukutani na makoti yao ya heshima. Akamtazama bibi arusi mtarajiwa.

"Njo mikono ya binti yenu, Mama," akasema.

Yaya alikuwa na soda mdomoni. Ilipanda puani.

Mimi ningeweza kusema. Naungama kwamba sikunyamaza kwa ajili ya kumlinda mama yangu. Nilinyamaza kwa sababu mjomba mmoja pale ukutani alikuwa ameniahidi kunitafutia kazi ya udereva, na nilijiona katika macho yake nikigeuka kutoka dereva kuwa mshona maua. Nikagawa soda. Lakini kitu kingine pia kilinipata, na hiki kilikuwa kibaya zaidi: mtu alikuwa ametazama kazi yangu kwa muda huo wote, kwa macho hayo, na sifa imekwenda kwa mtu anayefunga blauzi kwa pini. Nilihisi kama nimeibiwa, na mwizi alikuwa mimi mwenyewe.

Mama wa Kirungu akakirudisha kitambaa mahali pake, akakinyoosha. Akasema, vizuri. Akaeleza kwamba katika ukoo wao bibi arusi huja na vitambaa kumi na viwili vilivyotoka mikononi mwake, na huvitandika mwenyewe kwenye viti vya wakwe. Siku ya kuleta mahari angependa kuviona. Siku hiyo ilikuwa baada ya wiki sita.

Walipoondoka, yaya alituambia jambo ambalo mchumba wake alikuwa amemsimulia zamani kama kichekesho. Kaka yake mkubwa aliwahi kuwa na mchumba. Siku ya wageni yule msichana alileta sombe, mboga ya majani ya muhogo, tamu sana, akaulizwa, akasema nimepika mimi. Kumbe ilikuwa ya jirani. Mama wa Kirungu alichukua pochi yake, akapanda pikipiki, na uchumba ukaishia hapo. Watu walimwambia, Mama, ni sombe tu. Akajibu kwamba si sombe.

Nje ndakala walikuwa wakikauka.

"Basi tuseme tu ukweli," yaya akasema. "Nitampigia simu kesho."

"Ukweli uko na wakati wake," mama akasema. "Wakati wake ulipita ile siku ya soda." Ilikuwa siku hiyo hiyo, lakini hakuna aliyemsahihisha. Akanigeukia. Vitambaa vitashonwa, akasema, na nitavishona mimi. Ila nisivishone kama ninavyoshona. Mtu wa ofisi, anayerudi nyumbani jioni na miguu imevimba, hawezi kuwa na mkono wa mashine.

"Ukosee kidogo," akasema. "Kidogo tu. Kama muntu."

Yaya alimpenda kijana yule. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe hakusema. Lakini alikuwa amekataa wawili kabla yake kwa neno moja kila mmoja, na kwa huyu wa nyusi nyeupe alikuwa tayari kukaa chini na kujifunza sindano, jambo ambalo asingelifanya hata kwa amri ya gavana. Nilielewa kilichokuwa mezani. Nikilegea, harusi ya dada yangu itakwenda ilikokwenda sombe. Nikashona.

Kukosea ni kazi ngumu, na hakuna video yake. Mchoro ulikuwa rahisi: shada la majani kuzunguka ukingo, ua moja kila pembe. Kwenye kitambaa cha kwanza nilijaribu kuulegeza mkono uteleze wenyewe. Mkono haukukubali. Niliangalia pembeni, niliongea na mama huku nashona, nilishika sindano kwa mkono wa kushoto. Majani yalitoka yamenyooka kama wanafunzi mbele ya bendera. Basi nikachukua sindano na kukosea kwa makusudi. Jani likapinda. Nikalitazama. Lilikuwa limepinda vibaya, si kama mtu aliyechoka bali kama mtu aliyeanguka. Nikalifumua, nikakosea upya. Safari hii lilipinda kidogo mno. Lilionekana kama kosa la kweli, langu mimi, na hilo sikuweza kulivumilia. Nikalifumua tena. Kosa la kwanza nililishona mara nne mpaka likakaa sawasawa.

Nikaona nikiendelea hivi wiki sita hazitatosha. Nilihitaji utaratibu. Nikachukua karatasi ya miraba ya daftari la hesabu, nikachora lile kosa lililofaulu, pembe yake na urefu wake. Nikaamua mtu wa ofisi angechoka kufikia jani la saba. Kuanzia hapo, kila kitambaa, nilihesabu majani sita yaliyonyooka, nikaweka karatasi, nikakosea, nikaendelea. Nilijisikia nimetulia kwa mara ya kwanza tangu wageni waondoke. Nilikuwa hata najivunia. Sijui kama yuko mtu mwingine katika mkoa mzima anayekosea kwa usafi ule.

Yaya alikuja akaona karatasi. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema kama ni makosa yanatakiwa, yeye anayo ya bure. Akaninyang'anya duara la mbao na kushona jani moja kwenye kitambaa cha nne. Lilitoka kama ndakala aliyekanyagwa. Alilipenda sana. Akaenda kuoga akiimba, na mimi nikakaa nalo. Nilijaribu. Naapa nilijaribu kwa muda wa kuchemsha chai. Kisha nikalifumua na kuweka langu la kupinda kwa kipimo.

Aliporudi akatafuta jani lake, akalikosa.

"Umefumua kitu kimoja tu kilichokuwa cha kweli humu," akasema. Sikulirudisha.

Wakati huo kazi zangu nyingine hazikulala. Mwenyekiti wa akina mama wa parokia alikuja kuuliza habari za mwanakondoo, akakuta sebule imetandikwa vitambaa vya viti kila mahali. Akauliza kama nimeacha kazi ya Mungu kwa ajili ya viti. Nikamwambia vile vyote ni vya yaya, anashona akitoka kazini. Nilimdanganya mama wa parokia huku nimemshika mwanakondoo mkononi. Alivisifu. Akasema loo, kumbe ndugu yangu amenizidi, na yeye anamaliza. Akaondoka akinishauri nimwige. Nilifuma safu mbili za blanketi la mtoto wa mwalimu kwa hasira, kisha nikaona zimekazana kuliko nyingine, nikazifumua.

Wiki ya mwisho tulimfundisha yaya kushika sindano, kwa hofu kwamba ataulizwa swali. Alijifunza kutia uzi, na hicho akakijua vizuri, kwa jaribio moja, kwa sababu alikiona kama kulenga shabaha. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Alijichoma kidole na tone la damu likaanguka kwenye kitambaa cha tisa. Nilipiga ukelele ambao mama aliusikia toka uani. Washonaji wanajua kwamba damu ya mtu hutolewa na mate yake mwenyewe, si ya mwingine. Nikampa yaya kazi ya kutafuna kipande cha uzi mweupe na kutema, kutafuna na kutema, mimi nikigonga lile doa kwa pamba. Doa likatoka. Yaya akasema, akiwa na uzi kati ya meno, kwamba angalau sasa kuna kitambaa kimoja alichokitolea jasho, hata kama limetoka mdomoni.

Na mimi naungama lililobaki. Kadiri siku zilivyokaribia, nilikuwa naomba Mama wa Kirungu asigundue, na nilikuwa nashona ili agundue. Maua ya pembe sikuyakosea hata moja. Mama aliniambia yalikuwa mazuri mno kwa mtu aliyechoka. Nilimwambia nimesahau. Sikuwa nimesahau.

Siku ya mahari wakwe walichelewa, na wajomba zangu wakafurahi sana, kwa sababu kuchelewa kuna faini na walikwisha kukubaliana iwe mbuzi. Msemaji wao na msemaji wetu walianza kutupiana maneno matamu. Mama wa Kirungu, katika sweta lilelile, hakusikiliza. Yaya alikuwa ametandika vitambaa kumi na viwili kwenye viti vyetu na vya kuazima. Nilikuwa nimemfundisha hilo pia, na alilifanya kwa heshima. Mama wa Kirungu aliinuka, akavaa miwani, akazunguka sebule akimwomba kila mzee ajisogeze mbele kidogo. Akavikusanya vyote kumi na viwili. Akavipanga juu ya meza, safu mbili.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na trei.

"Msemaji, samahani," akasema. Msemaji akanyamaza katikati ya methali. Mama wa Kirungu akaweka kidole kwenye ukingo wa kitambaa cha kwanza na kuhesabu majani kwa sauti ndogo. Kidole kikasimama. Akahesabu cha pili. Kikasimama. Kufikia cha tano wajomba nao walikuwa wakihesabu pamoja naye, kama watoto wa darasa la kwanza.

"La saba," akasema. "Kote njo la saba. Muntu anayekosea hahesabu."

Yaya alikuwa akitazama mikono yake. Mchumba alikuwa akimtazama yaya. Kisha Mama wa Kirungu akafanya kitu ambacho sikuwa nimekitayarishia moyo. Akavigeuza vitambaa vyote, kimoja baada ya kingine, chali. Sebule nzima ikaona nyuma ya kazi yangu.

Katika video zote nilizotazama, hakuna mkono hata mmoja uliogeuza kitambaa. Sikuwahi kufikiria kwamba nyuma ni mahali. Kulikuwa na mafundo kama mbegu za pilipili, mikia ya uzi inayovuka kutoka jani hadi jani, njia za mkato, nyuzi za kijani zilizofungwa kwa za waridi. Palikuwa kama soko baada ya mvua.

"Na hapa nyuma," akasema Mama wa Kirungu, "ni nini hii?"

Mama yangu alitaka kuokoa jahazi. Akasema binti anashona akitoka bandarini, amechoka, macho yanauma, ndiyo maana nyuma kidogo kumeharibika. Ni uchovu tu, Mama, mkono uliochoka.

Ningevumilia mengi. Ningevumilia kuitwa mtu anayengoja kazi. Lakini kusikia kazi ya wiki sita ikiitwa ya mkono uliochoka, mbele ya jicho pekee lililowahi kuitazama, sikuweza.

"Si uchovu," nikasema kwa sauti iliyonishinda nguvu. "Nyuma haionekani, Mama. Ndiyo sababu."

Watu wote wakageuka mlangoni. Niliona tu kwamba trei nimeiweka sakafuni, kwamba nimeshika kitambaa cha kumi na moja, na kwamba sindano niliyozoea kuchomeka kwenye kola ya shati tayari ilikuwa mkononi mwangu.

Mama wa Kirungu alinitazama juu ya miwani.

"Nani amesema nyuma haionekani?"

Mjomba wa udereva aliuliza wenzake kama basi wakwe wamekuja kumwoa yupi kati ya hawa wawili, maana yule mwenye kujua kazi ana ndevu. Wengine walicheka. Mama wa Kirungu hakucheka. Alimgeukia yaya.

"Na wewe unajua nini hapa?"

"Kutia uzi, Mama," yaya akasema. "Nimejua wiki iliyopita."

Mama wa Kirungu alichukua pochi yake. Nilimwona mchumba akiinuka, nyusi zake nyeupe zimepanda juu, na nikafikiria pikipiki. Mama yangu alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Yaya naye akainuka, na sauti aliyoitoa haikuwa ya bandarini, ilikuwa ndogo, nilikuwa sijawahi kuisikia.

"Kama unaondoka, Mama, ondoka sababu nilinyamaza. Hiyo njo kosa langu, nakubali. Usiondoke sababu sijui kudarizi. Kudarizi sitajua hata nikizeeka."

Mama wa Kirungu alibaki amesimama na pochi kwapani. Alimtazama yaya kwa muda uleule aliotazama nyuma ya kitambaa siku ya kwanza.

"Ule wa sombe," akasema, "alisema njo yake mupaka ninapanda piki. Mupaka piki inaondoka."

Akakaa.

Msemaji wao, mtu mwepesi, akaona nafasi. Akasema uongo wa vitambaa hauwezi kupita hivi hivi, una faini, nayo ni mbuzi. Msemaji wetu akakumbusha mbuzi wa kuchelewa. Mbuzi hao wawili walipigana katikati ya sebule kwa muda, wakauana, na mazungumzo ya mahari yakaendelea bila wao. Mchumba alirudi kwenye kiti chake. Yaya alirudi kwenye chake, akavua viatu chini ya meza, na mimi nikajua kwamba harusi ipo, kwa maana yaya havui viatu mahali ambapo atalazimika kuondoka.

Mimi nilikuwa bado nimesimama na kitambaa, sijui niingie ndani au nitoke nje. Mama yangu alikuwa akinionyesha kwa macho mlango wa chumba. Mama wa Kirungu alipapasa nafasi kwenye kochi karibu naye.

"Kaa hapa."

Nikakaa kati yake na msemaji wao. Nilimwuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini siku ya kwanza alipenda kitambaa changu mpaka akaagiza kumi na viwili. Hilo ndilo lililokuwa likinila, hata wakati harusi ya dada yangu ilipokuwa ikining'inia.

"Nani alipenda?" akasema. "Niligeuza, nikaona huruma. Nikasema, huyu mutoto mbele anaimba, nyuma analia. Masista walitupiga vidole kwa mafundo kama haya. Nikataka kumi na viwili ili nijue nianzie wapi kumufundisha."

Kwa wiki sita nilikuwa nimeishi kwa ile "Mm" yake. Nilikuwa nimeila badala ya chakula. Nilitegemea kwamba sasa nitazirai, au nitalia mbele ya wajomba, na nikajiandaa kwa vyote viwili. Kando yangu mazungumzo ya mahari yalikuwa yamefika kwenye blanketi la mjomba mkubwa, kama liwe la pamba au la sufu.

Alitoa kwenye pochi mkasi mdogo wenye kutu kidogo kwenye mpini, akaulaza ubapa chini ya fundo langu la kwanza na kulikata. Akavuta uzi. Jani la saba likafumuka lote, lile la kupimwa kwa karatasi, kwa mvuto mmoja. Haikuwahi kutokea mtu mwingine kufumua kazi yangu. Alifumua upesi, bila chuki, kama mtu anayemenya kitunguu. Halafu akatia uzi upya, akaanza bila fundo, akiupitisha mkia chini ya mishono ya jirani mara tatu mpaka ukapotea, na nikasikia pumzi yangu ikitoka yenyewe.

"Umeona?"

Nilisema nimeona. Nilikuwa nimeona mwanzo tu, kama kwenye video, lakini safari hii somo halikukatika. Akalirudia polepole. Akanipa kitambaa na sindano, akasema sasa wewe. Nilikishika, nikakinyoosha magotini, na kwa mazoea nikakilaza upande wa mbele juu.

Akakigeuza.